Koo la Kazi

Katika chumba cha kusomea cha kiwanda kile cha uchapaji, kukohoa hakukuhesabiwa kuwa ugonjwa. Kulikuwa sehemu ya kazi, kama vumbi la mbao lilivyo kwa seremala. Watu sita walikaa humo, wawili wawili kwenye meza tatu, tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, na kazi yao ilikuwa kusomeana. Mmoja alishika mswada wa mwandishi na kuusoma kwa sauti. Mwenzake, aliyeketi ana kwa ana naye, magoti yakikaribia kugusana, alifuata kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi iliyotoka mashineni, akiwinda makosa ya wapangaji wa herufi. Na msomaji hakusoma kama watu wanavyosoma. Alisoma na alama zote: "Mjenzi, mkato, aliyepewa kibali kwa mujibu wa kifungu cha tatu, mkato, atazingatia yafuatayo, nukta mbili." Ukisoma hivyo saa sita kwa siku, koo linakwaruza na unakohoa. Kikohozi hicho walikiita koo la kazi, na mgeni aliyeonyesha wasiwasi alichekwa.

Dirisha halikufunguliwa. Ukilifungua, ngurumo za mashine zinaingia na karatasi zinatoka. Feni nayo ilikuwa pambo, kwa sababu hiyo hiyo ya karatasi. Hewa waliyoanza nayo asubuhi ndiyo waliyomaliza nayo jioni, ikiwa imeshapita kwenye mapafu ya kila mmoja wao mara kadhaa, na hakuna aliyewahi kulilalamikia jambo hilo. Watu wale walizoea kulalamikia mikato.

Msimamizi wao alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili aliyeitwa Bi Nukta. Jina hilo alipewa na wapangaji wa herufi, na hawakumpa kwa mapenzi. Aliwahi kurudisha kurasa mia mbili na nne chini mashineni kwa sababu ya nukta moja iliyokosekana chini ya picha. Alikuwa mwembamba, mkali, na mwenye haki mpaka inachosha. Chai ikija, alihakikisha vikombe vyote sita vimejaa sawasawa. Kazi ngumu ikija, haikumwangukia mtu mmoja.

Kwa hiyo Mzee Redio alipoanza kukohoa, Bi Nukta alilishughulikia jambo kwa haki.

Mzee Redio ndiye aliyekuwa na sauti kuliko wote chumbani, nzito na safi, na alijua hivyo. Kikohozi chake kilikuwa kikavu, cha kupasua, na kilikuja kila baada ya sentensi mbili tatu. Hakuwa na homa kali, hakulala kitandani, hakukosa kazi hata siku moja. Alisema amechoka kidogo tu, kichwa kinagonga, basi. Lakini mwanamke aliyekuwa akikaa naye meza moja, Mama Pacha, alichoka kurushiwa mate.

"Bi Nukta, mimi nitakuja na mwavuli," alisema. "Huyu mzee ananinyeshea."

"Koo la kazi hilo," alisema Mzee Redio. "Soma wewe basi, tukuone."

Ingekuwa chumba kingine, pengine mzee angeambiwa akae nyumbani apumzike, na hadithi hii isingekuwepo. Bi Nukta alichukua karatasi, rula na kalamu, akachora ratiba. Kila wiki Mzee Redio angesoma na mtu mwingine, ili kero isimlemee mmoja. Wiki ya kwanza Mama Pacha amalizie. Wiki ya pili yule kijana wa miwani. Wiki ya tatu, kwa kuwa msimamizi naye ni mtu, Bi Nukta mwenyewe. Wiki ya nne na ya tano, wawili waliobaki. Alibandika ratiba ukutani, watu wakaisoma, wakakubali kwamba mwanamke huyu hapendelei. Ilitekelezwa bila kukosea hata siku moja.

Baada ya hapo watu walianza kukohoa, mmoja mmoja, taratibu. Mafua ya kawaida yakiingia chumbani, kufikia siku ya tatu kila mtu ana kitambaa mkononi, na kila mtu anajua kayapata kwa nani. Kikohozi hiki hakikufanya hivyo. Mama Pacha alianza alipokwisha kusahau kwamba aliwahi kukaa na mzee. Kijana wa miwani alianza siku nyingi baadaye, akasema ni wino mpya. Mwingine alisema ni maji ya baridi. Hakuna aliyelala hoi. Walikohoa, wakasoma, wakakohoa tena. Bi Nukta alipoanza kukwaruzwa kooni, wiki mbili na nusu baada ya zamu yake, alinunua tangawizi, akatafuna, akaendelea na kanuni za ujenzi.

Nyumbani Bi Nukta alikuwa mtu mwingine kabisa.

Nyumbani kulikuwa na Kijino. Alikuwa na miaka tisa, pengo mbele, na maneno mengi kupita umri wake. Alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake Bi Nukta, na alimwita Mama Mkubwa tangu alipojua kusema. Alizaliwa na selimundu. Chembe zake za damu hujikunja kama mundu zikikosa hewa ya kutosha, na zikijikunja huziba njia. Kwa hiyo ugonjwa wa kifua, ambao kwa mtoto mwingine ni wiki moja ya kukosa shule, kwa Kijino unaweza kuwa wa kufa na kupona. Daktari alimweleza Bi Nukta hivyo mwaka aliomchukua mtoto, bila kumung'unya maneno, na Bi Nukta aliondoka pale na sheria moja kichwani: anayekohoa au kupiga chafya havuki mlango wake.

Na hakuvuka mtu. Mtoto wa jirani, rafiki pekee wa Kijino, alirudishwa kwa sababu ya kamasi. Mwalimu wa hesabu wa Jumamosi alirudishwa ngazini, akaeleza bure kwamba ana mzio wa vumbi. Na Jumapili moja, mjomba wa Kijino, kaka yake Bi Nukta wa tumbo moja, alikuwa amelala chali chini ya sinki la jikoni akitengeneza bomba alipopiga chafya moja.

"Toka," alisema Bi Nukta.

"Dada, ni vumbi. Huku chini hapajafagiwa tangu—"

"Toka nimesema. Nenda ukapigie chafya kwako."

Alitolewa na spana mkononi na maji yakidondoka nyuma yake. Kijino alisimama kwenye mlango wa chumba chake, akaona yote, hakusema kitu. Ilikuwa ajabu kidogo, maana si kawaida yake kukosa la kusema.

Jioni, baada ya kula, Bi Nukta alimsomea. Huo ulikuwa utaratibu wao wa kila siku. Walilala kitanda kimoja, mto mmoja, kitabu katikati, shavu kwa shavu kwa sababu maandishi yalikuwa madogo na Bi Nukta hakupenda kuvaa miwani nyumbani. Alisoma na mikato na nukta zote, kwa mazoea, na Kijino alicheka kila fisi wa hadithini alipoulizwa jambo na Bi Nukta akamalizia kwa "alama ya kuuliza". Katikati ya kurasa Bi Nukta alisafisha koo. Mara nyingine alilisafisha mpaka machozi yakamtoka. Halafu aliendelea.

Alhamisi iliyofuata chafya ya mjomba, Kijino aliamka na homa.

Kufikia adhuhuri alikuwa anashika kifua na kupumua harakaharaka, mabega yakipanda na kushuka. Walipofika hospitali, Bi Nukta akiwa amembeba mgongoni ngazi za ghorofa zote tatu kwa kuwa lifti ilikuwa mbovu, kucha za mtoto zilikuwa zimeanza kubadilika rangi. Wauguzi walimpokea bila kuuliza foleni. Waliweka mpira wa hewa puani, sindano mkononi, picha ya kifua ikapigwa. Kwenye pafu la kulia, chini, palikuwa na wingu jeupe.

Daktari alikuwa kijana mpole mwenye macho yaliyokosa usingizi. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, faili pajani.

"Mama, nyumbani kuna mtu yeyote anayekohoa? Siku za karibuni, au hata wiki kadhaa zilizopita?"

"Hakuna," alisema Bi Nukta. "Nyumbani kwangu hakohoi mtu."

Alisema hivyo kwa fahari. Kijino alikuwa amefumba macho. Daktari aliandika neno moja, *hakuna*, na Bi Nukta, aliyezoea kusoma maandishi yaliyopinduka, aliona kwamba hakuweka nukta.

Alitoka nje, akampigia simu kaka yake, akamtolea uvivu. Alimwambia kwamba chafya yake imemlaza mtoto wa marehemu. Alimwambia kwamba bomba lenyewe bado linavuja. Upande wa pili mtu mzima wa miaka arobaini na tano aliuliza tu, "Nije?" Bi Nukta akakata.

Dawa ilikuwa kali, ya kuchoma mshipani mara mbili kwa siku, na ingepaswa kumpa mtoto nafuu kufikia siku ya pili. Haikumpa. Homa ilipanda na kushuka ilivyotaka. Waliongeza damu. Jumamosi asubuhi daktari alitazama kipimo cha hewa kidoleni mwa Kijino, akatazama picha mpya, wingu likiwa limevuka upande wa pili, akamwambia Bi Nukta ukweli: kama hewa haitapanda kufikia kesho yake, mtoto atahamishiwa chumba cha mashine za kupumulia. Bi Nukta aliitikia kwa kichwa kana kwamba ameelezwa habari za mtu mwingine.

Hakujua afanye nini, kwa hiyo alifanya alichokijua. Alitoa kitabu kwenye mfuko, akainama hadi karibu na sikio la mtoto, akaanza kusoma. Alisoma ukurasa, akakohoa. Akasoma nusu ukurasa, akakohoa tena, safari hii akashika mbavu.

Muuguzi mmoja, mwanamke mnene aliyekuwa akibadilisha chupa ya maji kitanda cha pili, aliweka chupa chini.

"Mama, hicho kikohozi ni cha tangu lini?"

"Kipi?"

"Hicho ulichokohoa sasa hivi."

"Mimi sikohoi," alisema Bi Nukta. "Nasafisha koo. Ni koo la kazi."

"Kazi gani hiyo inayokohoza?"

"Kusoma."

Muuguzi alimtazama kama mtu anayetazama mzani uliokataa kutulia. "Watoto wangu wanasoma mwaka wa kumi huu, hakuna anayekohoa hivyo. Tangu lini?"

Bi Nukta alifungua mdomo amjibu vibaya. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa tarehe, alihesabu. Wiki tatu na siku mbili. Akalisema kwa sauti, na lilipotoka mdomoni alilisikia kama msomaji anavyosikia kosa.

Daktari aliitwa. Alimpa barakoa kwanza, kisha kiti, kisha maswali. Kazini wangapi? Sita. Wangapi wanakohoa? Alihesabu kwa vidole, akaishiwa na mkono mmoja. Tangu lini, nani wa kwanza, nani anakaa na nani? Hayo hakuwa na haja ya kukisia. Ratiba ilikuwa kichwani mwake, aliichora yeye. Aliomba karatasi, akaandika wiki tano na majina, na pembeni tarehe aliyomsikia kila mmoja akianza. Kila mtu alikuwa amekohoa wiki mbili hadi tatu baada ya zamu yake na Mzee Redio, na hakuna aliyerukwa. Alikuwa amegawa ugonjwa kama alivyogawa chai.

"Kuna kidudu kinaitwa mikoplazma," alisema daktari. "Kinatembea kwa matone ya mate. Mtu akikohoa, akipiga chafya, hata akizungumza karibu sana kwa muda mrefu. Hakirukii mtu uliyepishana naye njiani. Kinataka watu wanaokaa pamoja, wanaopumua hewa moja siku baada ya siku. Bweni, kambi, ofisi, kitanda kimoja. Na hakina haraka. Ukikipata leo, unaweza kukaa wiki tatu hujui. Ukianza kukohoa, unatembea tu, unafanya kazi zako, na unagawa."

"Na dawa anayochomwa?"

"Dawa hiyo inavunja ukuta wa kidudu. Hiki hakina ukuta." Alikuwa tayari ameandika nyingine. "Kuna dawa inayokiweza. Ningeianza Alhamisi kama ningejua kuna mkohozi nyumbani. Tutachukua kipimo cha koo lako na lake, lakini majibu siyangoji."

Alisema hivyo bila kumlaumu, na kwa kuwa hakumlaumu, Bi Nukta hakuwa na mahali pa kuegemeza hasira. Siku mbili. Neno moja alilosema kwa fahari lilikuwa limemgharimu mtoto siku mbili.

"Na wewe unaanza dawa leo," alisema daktari. "Siku tano. Mpaka hapo, wodini huingii. Humu kuna watoto kumi na mmoja. Kuna mtu mwingine wa kukaa naye?"

Alikuwepo mmoja tu. Bi Nukta alisimama koridoni na simu mkononi mpaka skrini ikazimika mara mbili. Kisha akapiga.

"Kaka, si chafya yako," alisema. "Ni mimi. Njoo ukae naye, mimi wamenitoa."

Alikuja akiwa bado na vumbi la kazi kwenye viatu. Hakusema "si nilikwambia", ingawa alikuwa na haki nayo. Alipangusa miguu, akanawa mikono, akavaa barakoa, akapita mlango ambao dada yake hakuruhusiwa kuupita.

Jumatatu Bi Nukta alikwenda kazini kwa nusu saa. Alisimama mlangoni, barakoa usoni, akawaeleza. Alitaka waende wote wakapimwe, na wanywe dawa kama wataambiwa. Mzee Redio alikuwa wa kwanza kukasirika.

"Mimi sina ugonjwa. Mimi nina koo."

"Mimi pia nilisema hivyo, mzee wangu. Mtoto yuko kwenye mpira wa hewa."

Mzee alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena. Alimfahamu Kijino. Alikuwa akimwekea vipande vya karatasi za rangi vilivyobaki mashineni. "Kwa hiyo ni mimi," alisema, na sauti yake nzuri ilikuwa imekwisha kabisa.

"Wewe ulikohoa tu. Aliyekuzungusha meza zote ni mimi."

Mama Pacha aliinuka akaenda kufungua dirisha, likagoma, kijana wa miwani akamsaidia kwa bega. Ngurumo za mashine ziliingia, na kanuni za ujenzi zikaruka sakafuni ukurasa kwa ukurasa.

Hewa ya Kijino ilikuwa imepanda Jumapili jioni, kidogo tu, namba mbili kwenye kile kipimo cha kidoleni. Jumatatu ilipanda tena. Chumba cha mashine hakikutajwa tena. Kipimo cha koo kilirudi na jibu ambalo kila mtu alikwisha kulijua. Bi Nukta alipewa habari zote hizi na kaka yake koridoni, asubuhi na jioni, wakiwa wamesimama mbalimbali kama watu wasiofahamiana. Aliishi siku zile kwa kumeza vidonge na kutazama mlango.

Siku ya sita walimruhusu kuingia. Kijino alikuwa amekaa, mto mgongoni, amekonda shingo, anakula uji kwa kijiko na kulalamika kwamba hauna sukari. Mjomba alikuwa amesinzia kwenye kiti. Bi Nukta alikaa mwisho wa kitanda, mbali kadiri kitanda kilivyoruhusu, barakoa usoni ingawa daktari alimwambia haina haja tena.

"Mama Mkubwa, nani aliniambukiza?"

Alikuwa ameliandaa jibu siku tano. Kulikuwa na hewa, kulikuwa na vumbi, kulikuwa na "vidudu viko kila mahali, mwanangu". Yote yalikuwa rahisi na mtoto angeyakubali.

"Mimi," alisema. "Nilikuwa nakohoa, nikakuletea. Na daktari aliponiuliza, nilimwambia nyumbani hakohoi mtu. Sikudanganya, lakini haikuwa kweli."

Kijino alilamba kijiko. "Nilikusikia ukimwambia."

"Ulikuwa umelala."

"Nilikuwa nimefumba macho. Nilijua unakohoa. Unakohoa kila siku tukisoma, mpaka kitanda kinatikisika."

"Sasa mbona hukumwambia daktari?"

Mtoto alimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo jibu lake limebandikwa ukutani.

"Kwako anayekohoa anatolewa," alisema. "Mjomba alipiga chafya moja tu. Wangekutoa wewe, ningebaki na nani?"